Mlango wa Kwetu, Kajificheni

Nimerudi na pakacha, nazi mbili na muhogo,
nikakuta watu kumi na wawili wameuzingira mlango wetu.
Sikupiga hodi; nani hubisha hodi kwake?
Nikasimama nyuma, nikawa mgeni wa kumi na tatu.

Vuai wa Bi Kazija ndiye anayewatembeza,
tulisoma naye chuo kimoja.
"Mnyororo huu ni ulinzi," anasema.
"Samaki hawa wa chini ni uzazi.
Miiba ya shaba, kuzuia ndovu."

Ndovu! Kajificheni,
ambako punda akiingia hatoki ila kinyumenyume.

Lakini samaki... Miaka thelathini na moja
nawafuta vumbi kwa mafuta ya nazi
nikidhani ni majani.
Nikainama pamoja na wageni. Kweli, wana macho.

Bibi mmoja mwenye kamera akaniashiria nisogee,
natia kivuli pichani.
Nikasogea.

Hakuna aliyeuliza ya juu:
boriti ya mkoko iliyoliwa na mchwa,
ndoo tatu za kukingia mvua,
ngazi isiyo na kidato cha nne,
chokaa inayodondoka usiku
kama mtu anayechambua mchele gizani.

Ndipo pua ikanikumbusha maharage. Yanaungua!
"Hebu nipisheni." Nikatoa ufunguo.
Vuai akanyamaza katikati ya karne.

Nikafungua kijimlango cha katikati,
nikainama kama ninavyoinama siku zote,
na nyuma yangu vidole vyao
vikaanza kupapasa samaki wangu.