Herufi ya Rómulo

Darasa la usiku, Huanta. Balbu moja, nayo inapepesa.
Basilia Huamaní, miaka sabini na mmoja, ameandika:
*Busco mi hijo.*
Mwalimu Edelmira anachomeka kati ya maneno
herufi moja kwa wino mwekundu:
*Busco a mi hijo.*

"Hii a maana yake nini?"
"Haina maana, mama. Ni kanuni."
Basilia analaza penseli.
Hakutembea saa mbili kwenye baridi hii
aje kufundishwa kitu kisicho na maana.

Basi Edelmira anafuta ubao kwa mkono wa sweta.
Natafuta ufunguo: *busco la llave*. Hakuna a.
Natafuta wakili, yeyote, hata mlevi: *busco un abogado*. Hakuna.
Namtafuta wakili Ochoa, yule aliyekula hela zetu:
sasa a inakuja,
kwa kuwa huyo ana uso.

"Na mbwa?"
"Inategemea. Mbwa wako?"
"Wangu. Anaitwa Tigre. Hana meno."
"Basi mpe a."

Basilia anacheka, kisha hacheki tena.
Kwao, kwa Kiquechua, kuna *-ta* mgongoni mwa neno:
*papata*, *wawayta*,
kiazi na mwana hubebwa kwa mbeleko moja.
Kihispania kinataka kujua kwanza
kama unachokitafuta kiliwahi kuitika ulipokiita.

Nami ninayeyaandika haya kwa Kiswahili
namtia mtu tumboni mwa kitenzi, namtafuta,
na sijawahi kuiuliza ile m
inamhifadhi au inamficha.

Januari wanamwita ofisini, Ayacucho.
Kijana mwenye tai anamsukumia karatasi:
*Se encontraron restos.* Yamepatikana mabaki.
Sanduku jeupe mezani, si refu kuliko mkono wake.
"Weka dole gumba hapa, mama."
"Najua kuandika."

Anaandika polepole, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo,
chini ya mstari wa chapa, pasipo na nafasi:
*Encontraron a Rómulo.*
"Mama, fomu hairuhusu..."
Anarudi kwenye a, anaikoleza,
mara mbili, mara tatu,
mpaka karatasi inatoboka.