Tisa Kwenye Kidirisha Chekundu

Umekuja na swali la vijana: ipi ni bora?
Kaa kwanza, hapo kwenye kreti la soda.
Upepo huu wa Agosti ukishapita Makole na vumbi lake
ndipo nitafungua sanduku.
Vumbi la Dodoma limeua kamera nyingi
kuliko wezi.

Hii nzito ni Zeniti. Shika.
Kwa mikono miwili, bwana, si simu hiyo.
Ilianguka kutoka kwenye baiskeli ya baba njia ya Bihawana,
ikabingirika hadi mtaroni;
tulipoiokota, jiwe ndilo lililokuwa limepasuka.
Betri haijui, umeme hauihusu,
mgao ukija yenyewe inaendelea na kazi.
Lakini sauti yake! Kla!
kama komeo la ghala la mtama.
Msibani kwa Mzee Chilongola ilifyatuka mara moja tu
wafiwa wote wakageuka.
Picha ninayo: nyuso ishirini na saba zinamtazama baba kwa hasira,
marehemu peke yake
ndiye hana kinyongo.

Hii ya macho mawili, Yashika, huiinui usoni.
Unaishusha kifuani, unainama,
unachungulia kama kisimani.
Mama Mbeleje wa soko la Majengo,
aliyewakimbia watu wa misheni na watu wa sensa,
kwa Yashika alisimama.
"Huyu," alisema, "anainama kwanza."
Lenzi ikamhesabia nyuzi za kanga, moja moja.
Ila humo kisimani dunia imegeuzwa:
mtu akienda kushoto, kwenye kioo anakwenda kulia.
Mimi nilimpoteza bibi harusi mzima pale Mpwapwa
nikimfukuza upande asiokuwapo.
Na picha ni kumi na mbili tu.
Ya kumi na tatu, iwe nzuri vipi,
unaiangalia kwa macho, unaiacha ipite.

Olimpasi, hii ndogo, ni bahili.
Kila picha inaikata nusu,
mkanda wa thelathini na sita unazaa sabini na mbili.
Mwaka ule mvua ilipotunyima, tulikula kwa hii:
picha za kadi, picha za shule, masikio yote mawili yaonekane.
Usijaribu kuikuza, lakini.
Chembe zinatawanyika kama uwele uliomwagika,
uso unabaki uvumi.

Unacheka. Najua simu yako inaona hata usiku.
Una picha elfu sita mfukoni, umeniambia mwenyewe.
Nionyeshe ya bibi yako.

Unatelezesha kidole.
Bado unatelezesha.
Haya, tuendelee.

Hii ya kukunja ndiyo mbovu kuliko zote.
Mfuko wake wa ngozi mende wameutoboa,
mwanga unaingia bila hodi,
kila picha ina mchirizi mweupe
na wateja walirudi kudai hela zao.
Baba aliziba kwa lami, kwa ulimbo, kwa plasta ya zahanati.
Kuiuza hakutaka.
Alikuwa nayo stesheni siku aliyomsindikiza mama;
treni ya Tabora ikachelewa masaa manane,
wakamaliza kugombana, wakakosa la kufanya,
wakapigana picha.
Mimi nilikuwa nimelala juu ya mizigo, wanasema.
Hakurudi na treni yoyote.

Tazama hapa nyuma, kidirisha chekundu:
namba imesimama. Tisa.
Zimepigwa nane, au tisa yenyewe imo, sijui.
Mji huu hakuna tena anayesafisha mikanda;
duka la Hirji siku hizi linauza vigae.
Nimeambiwa Arusha yupo mmoja.
Nimeambiwa pia alishahama.
Joto la miaka arobaini limepita humo,
huenda ni weupe mtupu.
Huenda yumo, na mchirizi wake begani,
anaikasirikia treni.

Chukua Zeniti. Itakufaa, wewe una haraka
na vitu vyako vinaanguka.
Bei tutaelewana, mkoba wake nakupa bure.
Na hiyo...

Toa kidole kwenye kifungo!

Samahani. Sikukusudia kukupiga.
Irudishe tu. Taratibu.
Funika sanduku, upepo umerudi.