Ncha ya Pili

Filamu ilikuwa ya Wajapani, nyeusi na nyeupe,
kongwe kuliko ndoa ya wazazi wangu.
Shuka lilitundikwa ukutani, ukumbi wa Shabab,
shuka lenye mkunjo katikati;
kila aliyepita pale alivunjika kiuno.

Baba hasomi Kiingereza cha kukimbia.
Nikakaa sikioni mwake, nikawa mdomo wa maandishi:
Huyu ni askari. Yule ni mfungwa. Wanavuka mlima.
Kamba moja, imefungwa viunoni mwa wote wawili.
Kisha robo saa nzima hakuna aliyesema neno.
Theluji. Pumzi. Theluji.
Nyuma yetu kijana alipiga miayo, akatoka kutafuta mayai ya kuchemsha.

Baba hakupepesa.
Sajini Wekulo, miaka thelathini na moja
katika jela ya Nakuru, zamu za usiku na za mchana,
mtu ambaye hadi leo husimama kando ya mlango
ili wengine wapite, awahesabu.
Harusini kwangu alihesabu wageni.
Akakuta mmoja amezidi, akarudia, akarudia tena,
kumbe alikuwa amejihesabu mwenyewe.

Siku ya tatu kule mlimani
mwanga wa theluji ukamchoma askari macho. Akapofuka.
Mfungwa akageuka, akaitazama kamba,
akaitazama kwa muda mrefu, kama mama anavyotazama unga uliopanda bei,
kisha akatangulia.
Askari akafuata, ameishika kwa mikono miwili.

"Sasa nani kamfunga nani?"
Aliuliza kwa sauti ya gwaride. Ukumbi mzima uligeuka.
Maandishi hayakuwepo. Sikuwa na la kutafsiri.

Hapo stima ikapotea.

Mwenye mtambo akamulika nyuso zetu kwa simu,
akaomba radhi: jenereta kavu, rudini Jumamosi.
Tukatoka. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka Menengai
na vumbi la mji huu, ambalo si theluji
ila lina tabia ileile ya kufuta nyayo.

Mtaa wetu unaitwa Frii Eria.
Baba alipostaafu na kuhamia pale, alielezwa maana ya jina.
Akacheka mara moja, kama mtu aliyekohoa.

Njiani akasema, bila kuulizwa:
"Kulikuwa na Chepkwony, wa miaka kumi na minne.
Fundi wa viti. Hiki ninachokalia barazani ni chake.
Siku ya kutoka alinipa mkono, akaniuliza,
Afande, na wewe unatoka lini?
Nikamfokea.
Halafu nikaenda chooni, nikasimama na shada la funguo,
nisijue ni upi wa wapi."

Jumamosi goti lake lilikataa. Hatukurudi.
Lakini mezani hakuacha kuniuliza,
"Yule mfungwa, aliikata kamba?"
Nikamdanganya: aliikata.
"Haiwezekani. Kwenye baridi ile, kamba ni nguo."
Kesho yake nikadanganya vingine: walifika mjini,
watu wakawatazama, wakashindwa kujua wamvike nani pingu.
Hakujibu. Alikuwa akichambua githeri yake,
mahindi huku, maharagwe kule,
mpaka ikapoa.

Sijaitafuta ile filamu. Ningeweza.

Huwa anafunga geti saa mbili, kufuli mbili na mnyororo,
anautikisa, anakwenda, anarudi, anautikisa.
Jana usiku nilisikia mnyororo ukiteremka.
Nikatoka na kanga begani.
Geti lilikuwa wazi, naye yupo nje barabarani,
kwenye suruali ya kulalia, ndala mguu mmoja,
hatua tatu, labda nne, kutoka nyumbani kwake.
Mnyororo ulikuwa mkononi, unaburuta.

"Baba?"

Hakugeuka.
"Nekoye," akasema, akinyoosha mkono nyuma,
"hebu nishikie ncha hiyo
nifike pale kwenye mlingoti."