Asilimia Sabini

Jumamosi ya kwanza walibandika ishirini.
Karatasi nyekundu, herufi za njano,
dirisha zima la Pellow limefungwa bandeji
na mvua ya Huddersfield inalilamba kwa nje.
Leeds wameshafunga. Halifax wameshafunga.
Tuliingia, tukapapasa, tukatoka.
"Ishirini!" akaguna mama mwenye kigari cha mtoto,
"hata supamaketi wananiuzia nafuu."
Tukatikisa vichwa, wafiwa wenye subira:
maiti hajapoa bado.

Jumamosi ya pili, arobaini.
Mzee Hepworth alileta vocha ya pauni kumi na tano,
zawadi ya mjukuu tangu Krismasi,
kaikunja ndani ya kipochi cha miwani.
Tamsin wa kaunta aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.
"Hatuzipokei, mpenzi. Amri imetoka juu."
Mzee akatazama juu,
kwenye taa moja inayopepesa
na doa la maji lenye umbo la figo.
Hakugomba. Aliiacha vocha pale pale
kama rambirambi.

Kijana mmoja, vipokea sauti shingoni,
aliinua diski, akachungulia tundu lake:
"Hivi hiki kinachomekwa wapi?"
Tulicheka, naye akacheka,
kisha akanunua kibao cha herufi M,
kilichozitenga L na N miaka thelathini,
kwa sababu mchumba wake anaitwa Maeve.

Sabini ilipobandikwa
watu walifika kabla ya kufuli.
Hapo ndipo kufa kukafaana.
Cuthbert wa Fartown, aliyewahi kuwa na spika
ndefu kuliko mlango wa kwao,
alibeba rege kwa makasha, hasomi hata majina.
Mwingine aliulizia rafu. Mwingine zulia.
Mwingine aliulizia bei ya kiti,
na Tamsin yumo kitini.

"Inasikitisha," tuliambiana kwenye foleni,
mikono imejaa hadi kidevuni,
"duka kama hili halitatokea tena."
Nikamuuliza aliye mbele yangu:
mara ya mwisho ulinunua lini hapa?
Akahesabu miaka kwa vidole, akaingia mkono wa pili,
akaacha. Akanirudishia swali.

Mimi?
Miaka minne, kila nikitoka zamu ya usiku hospitalini,
nimeingia hapa kupasha moto masikio.
Kulikuwa na kasha limeandikwa DUNIA,
chini kabisa, karibu na choo cha wafanyakazi:
Afrika nzima, Bulgaria, na sauti za nyangumi.
Humo mlikuwa na diski moja ya taarabu, ya Tanga,
jalada limepauka, mama wa makamo
anatazama pembeni kama aliyeitwa na jirani.
Pauni nane, peni tisini na tisa.
Nilikuwa nasoma majina ya wapiga fidla,
nairudisha nyuma ya nyangumi, mtu asiione.
Itakuwepo, nilisema.
Kila Jumamosi, itakuwepo.

Leo nimelipindua kasha.
Nyangumi wapo.

"Ile?" alisema Tamsin. "Aliichukua yule mzee wa vocha.
Nilimkimbilia hadi mlangoni, nikamwambia
chagua chochote, nitalipa mimi.
Akainama kwenye kasha lililokuwa miguuni pake.
Alisema kaupenda uso wa yule mama."

Basi huko juu, Lindley, nyumba ya mawe meusi,
ganuni inamwagika juu ya birika na magazeti,
na mtu asiyeelewa hata neno moja
amepunguza moto wa jiko ili asikie vizuri.
Mimi ninayeelewa yote
nimeshika nyangumi.

Niliwanunua. Pauni moja na kitu.
Tamsin alinitumbukizia mfukoni,
akaona haya kidogo, akanidai peni kumi:
mfuko hauna punguzo.