Duka la Murdo, Otago

Murdo ameweka tatu juu ya kaunta,
akanipima kwa macho: "Unawinda, au unaua?"

Nikamwambia: sungura wamekula kilima kizima.
Kondoo wangu wanalamba mawe.

"Chukua ya marisau, basi. Kwa karibu, haikosi."

Lakini baba alitupikia sungura kila Jumapili,
nasi tukitema marisau pembeni mwa sahani,
mimi na Keir, tukiyahesabu kama kokwa za chungwa.
Jino langu moja lilivunjika hivyo.

Nikaishika ile nyembamba, ya ishirini na mbili,
na kasha la risasi za mwendo wa pole,
zisizopasua anga,
zinazokohoa tu, kama mtu kanisani.
Hatua hamsini, si zaidi. Kichwani.
"Na ukikosa?"
Nikikosa, atakula usiku mmoja zaidi.

Alfajiri, umande umeganda, nimelala kifudifudi.
Akatoka shimoni. Akasimama kwa miguu miwili,
akanawa uso.

Murdo alinieleza upepo, umbali, uzito wa risasi.
Hakuniambia kwamba hunawa uso.

Bunduki ikakohoa.
Kilimani kote, masikio yakasimama.