Dhiraa ya Chuma

Uwanja huu naujua kwa magoti.
Miaka thelathini na moja nachokoa matofali yaliyochoka,
naweka mapya, nagonga kwa mpini wa nyundo, nasikiliza:
likilia kama debe tupu, nalitoa tena.
Wageni hutazama juu. Mimi natazama mteremko,
sakafu inavyoshuka kidogo kidogo, kama kiganja
kilichokinga maji, hadi kwenye tundu la jiwe
inakoishia mvua yote ya Roccamerla.
Aliyeupima hakuacha jina.
Aliacha uwanja usiotuama maji.

Zamani kila ukoo wenye fedha ulijenga mnara,
si wa kuishi (nani aishi ndani ya bomba la mawe?)
bali wa kumtazama jirani utosini.
Wasalimboldi walipanda dhiraa sabini.
Waguidarelli, sabini na mbili.
Yakarushwa mawe, lami ya moto, matusi,
hata baraza likachoka:
pasiwe na mnara wa kuupita ule wa mji.
Ikakatwa kama mtu akatavyo kucha.
Visiki vingalipo. Kimoja ni duka la dawa.

Nikipendacho kiko chini ya upinde wa tatu:
ufito wa chuma uliopigiliwa ukutani,
umeng'aa katikati kwa kuguswaguswa.
Baba alinisimulia, naye alisimuliwa, hati sina,
habari za Ghisola, mjane, mfumaji wa sufu,
aliyelipia dhiraa kumi za kitani
akafika nyumbani na nane u nusu.
"Mkono wangu ndio huu," muuzaji akamwambia,
"Mungu aliniumba mfupi."
Ghisola hakupiga kelele. Alikaa mlangoni pa baraza
siku ya soko, na ya pili, na ya tatu,
akiwapima madiwani kwa kamba kila walipopita,
mkono wa huyu, mkono wa yule, fundo kwa fundo.
Siku ya nne akaitandaza kamba mezani mwao.
Hapakuwa na nafasi mbili zilizolingana.
Ndipo mhunzi akaitwa.

Kaskazini, ukuta wa kanisa una meno:
matofali yametokeza nusu, yanangoja wenzao.
Tauni iliingia na gunia la nafaka, au na mtu,
na mafundi hawakurudi baada ya chakula cha mchana.
Mwaka juzi nililikuta tofali lenye alama ya gumba,
dogo mno. La mtoto, labda.
Nililipangusa, nikalirudisha palepale,
gumba limeelekea chini. Sikumwambia mtu.

Jana Delfina wa mkahawani alikuja kujipima.
Huja kila anapotimiza mwaka,
hubandika mkono juu ya chuma, hukunja uso.
"Bado vidole vitatu," akasema.
"Na chuma chenyewe je, hakikui?"
Akanitazama kama nimezeeka ghafla.
"Kikikua, Fosco, si tutaibiwa?"
Akaondoka akirukaruka, akikwepa tofali langu bichi.
Nikaligonga.
Likalia vizuri.