Tabaka la Sita

Nyuma ya duka la fotokopi, Recife, Mtaa wa Imperatriz,
kuna meza, feni lenye bawa lililopinda,
na mimi, Edileuza, mpaka rangi.

Kibonzo ni kimoja tu, nilikinunua kwa bei ya chakula cha mchana:
uso wa yai, macho mawili ya kunde,
tabasamu lisilojua limchekee nani.
Tabaka tano: nywele, ngozi, macho, shati, kivuli.
Nabofya kopo la rangi, tabaka linajaa hadi ukingoni,
halimwagiki hata tone.
Dakika saba, reali kumi na mbili,
mteja anaondoka na uso wake
wa kubandika kwenye simu, kwenye kikombe, kwenye keki.

Kwa nywele kila mtu jasiri:
zambarau, samawati, kijani cha limau.
Ikifika ngozi, sauti hushuka.

Seu Genivaldo, dereva wa basi la Casa Amarela,
mweusi ti, shingo ikimeremeta kwa jasho la zamu,
aliniinamia sikioni: "Punguza. Si sana. Kidogo tu."
Nikasogeza kidole. "Bado."
Nikasogeza tena. Tulipofika maji ya kunde
akanyamaza, akalipa, hakungoja chenji.
Sikumwambia neno. Ningesema nini?
Shuleni nilikuwa na penseli ya waridi,
mwalimu akiiita rangi ya ngozi,
nayo nikampaka mama yangu mwaka mzima.

Jumanne akaingia Jandira, miaka tisa, na shangazi yake.
Ana mbalanga: jicho la kushoto limezingirwa,
na vifundo vya vidole, kama aliyechota unga akasahau kunawa.
Nikaharakisha, kama mtu anayekatiza barabara.
Nikachagua kahawia nzuri, yenye joto, nikamwaga.
Ngozi ikajaa. Safi. Doa hakuna.
Akaitazama skrini kwa adabu.
"Nzuri," akasema. "Ni nani?"

Kopo halijui kubakiza.
Ikabidi nifungue tabaka la sita, nishike kalamu,
nukta, mkunjo, nukta.
Mimi mpaka rangi,
leo nimefikishwa mpakani.
"Hapana, hapo panaingia ndani, kama mkate ulioumwa."
Nikavuta nukta.
"Na nyusi. Nywele tatu nyeupe."
"Nne," akasema shangazi.
"Tatu. Moja ni ya kijivu."
Kunde zangu zikapoa kwenye bakuli.

Kisha rangi yenyewe. Nyeupe akaikataa:
"Hiyo ni karatasi."
Akaegesha mkono wake ubavuni mwa skrini,
nikapanda, nikashuka, nikaongeza wekundu kwa unyoya,
hata mkono na mwanga vikakubaliana.
Nikaitambua.
Ilikuwa, naapa, ile penseli.
Miaka thelathini na minne,
ndiyo kwanza naiona mahali pake.

"Ukiikuza itachakaa?"
"Vekta haichakai. Hata iwe ukuta mzima, ukingo ni uleule."
"Daktari anasema huenda ikaongezeka."
Shangazi akatazama feni.
"Basi urudi," nikasema. "Tutasogeza nukta."
Akazihesabu kwa kidole, bila kugusa kioo: kumi na tisa.
Akaomba shati la manjano, na meno yasiwe mengi hivyo.

Walipotoka nilikula kunde baridi.
Kisha nikafungua faili la Seu Genivaldo.
Ile rangi yake ya kwanza sikuifuta, sijui kwa nini.
Ipo chini ya zote,
na kando yake kile kijicho kidogo
kimefumbwa.
Nikaweka mshale juu yake.
Sikubofya. Si uso wangu.
Lakini basi lake hupita hapa saa kumi na moja,
na mlango wa duka uko wazi.